Baridi Isiyoisha Saa Sita Mchana: Madhara ya Upungufu wa Homoni ya Thairoidi

Wakazi wa Longonot wanaijua baridi. Eneo hili liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima kinafika mita 2,776. Mwezi wa Juni na Julai, upepo wa alfajiri hupenya hata koti zito, na wafanyakazi wanaosubiri basi za kwenda mashamba ya maua ya Naivasha hujifunika leso na kofia za sufu. Lakini ikifika saa sita mchana, jua huwa limeshapasha moto vumbi la volkano, na makoti huvuliwa.

Sasa afikiriwe mama wa miaka 44 anayeuza viazi na kabichi kando ya barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha. Mama huyu si mtu mmoja halisi. Ni mfano uliojengwa kwa dalili ambazo wagonjwa wengi huwaeleza madaktari. Saa sita mchana wenzake wamevua sweta, yeye bado amevaa mbili. Asubuhi huamka akiwa amechoka kana kwamba hakulala. Sauti yake imekuwa nzito. Uso umejaa, na majirani humsifu: "Mama, siku hizi umenawiri!" Yeye mwenyewe hajui unono huo unatoka wapi, kwa sababu hamu ya chakula imepungua. Choo ni kigumu, ngozi ya miguu imepasuka, nywele zinabaki kwenye kitana, na hesabu za chenji zinampotea.

Kila moja ya dalili hizi ina maelezo ya haraka. Uchovu ni kazi, baridi ni Longonot, mwili kujaa ni umri, na kusahau ni mawazo ya karo. Zikikusanywa pamoja, hata hivyo, zinaweza kuwa ugonjwa mmoja wenye kipimo na wenye dawa: upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi.

Tezi ndogo, kazi kubwa

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni karibu gramu 20. Hutengeneza homoni mbili zinazojulikana kwa kifupi kama T4 na T3. Malighafi yake kuu ni iodini, ambayo watu wengi huijua kama madini joto.

Homoni hizi husafiri kwa damu hadi karibu kila sehemu ya mwili na kupanga mwendo wa kazi: moyo upige kwa kasi gani, utumbo usukume chakula kwa kasi gani, mwili uzalishe joto kiasi gani. Zikipungua, mwili huwa kama jiko la makaa lililofunikwa majivu. Moto haujazimika, lakini sufuria haichemki.

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine inayoitwa pituitari, ambayo ndiyo mnyapara. Ikiona T4 imepungua katika damu, hutuma homoni iitwayo TSH kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikishindwa kuitika, pituitari huongeza TSH zaidi na zaidi. Ndiyo maana TSH iliyopanda katika damu huwa ishara ya kwanza kwamba thairoidi imechoka, hata kabla ya dalili kuonekana wazi.

Kinachoichosha tezi

Sababu ya kawaida kwa mtu mzima anayepata iodini ya kutosha ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka na kuishambulia thairoidi. Tezi huharibika polepole, kwa miezi au miaka.

Sababu nyingine ni kuondolewa tezi kwa upasuaji, matibabu ya mionzi kwa wale ambao tezi yao ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, na baadhi ya dawa, kama vile lithiamu ya ugonjwa wa akili na amiodaroni ya moyo. Baadhi ya wanawake hupata hali hii katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na wachache huzaliwa nayo. Ukosefu wa iodini kwenye chakula nao bado ni sababu kubwa katika sehemu nyingi za dunia.

Ugonjwa huu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Hata hivyo, mwanamume, kijana au mtoto hajasalimika.

Madhara usipotibiwa

Moyo. Mapigo hupungua kasi na moyo hupoteza nguvu ya kusukuma damu. Mishipa hukakamaa, na kipimo cha chini cha presha kinaweza kupanda. Ini huchelewa kuondoa kolesteroli, hivyo mafuta hujilimbikiza katika damu na kuziba mishipa kidogo kidogo. Wengine hukusanya maji kuuzunguka moyo. Mtu anaweza kutibiwa presha na kolesteroli kwa miaka bila nafuu ya kuridhisha, kwa sababu chanzo kiko shingoni na hakijaguswa.

Ubongo na mishipa ya fahamu. Fikra huenda polepole, kumbukumbu hupungua, na huzuni isiyo na sababu huingia. Baadhi ya wagonjwa huonekana wavivu kazini au hutibiwa msongo wa mawazo pekee. Mikono hufa ganzi, hasa usiku, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono hubanwa na uvimbe. Kwa anayechuma maua au kumenya viazi siku nzima, ganzi hiyo hudhaniwa ni ya kazi.

Misuli, ngozi na sauti. Misuli huuma, hukakamaa na kukosa nguvu ya kupanda hata kilima kidogo. Ngozi hukauka na kupauka. Nywele hukatika, na nyusi hupungua sehemu ya nje. Uso na kope hujaa, ulimi huwa mzito, na sauti hukwaruza. Uzito unaoongezeka kwa kawaida ni wa kilo chache, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini, si mafuta. Kwa hiyo kujinyima chakula hakuwezi kuuondoa.

Tumbo na damu. Utumbo husukuma chakula polepole, tumbo hujaa na choo huwa kigumu. Wengi pia hupungukiwa na damu, jambo linaloongeza uchovu juu ya uchovu.

Uzazi. Hedhi huweza kuwa nzito, ndefu au isiyotabirika. Yai huenda lisikomae kila mwezi, hivyo mimba huchelewa, na ikitungwa, hatari ya kuharibika huongezeka. Kwa wanaume, hamu ya tendo la ndoa na ubora wa mbegu hupungua. Kuna ndoa zinazoingia katika lawama ilhali jibu liko kwenye tone la damu katika maabara.

Shingo. Tezi inapohimizwa na TSH bila kupumzika, inaweza kuvimba na kuwa rovu, yaani goita. Rovu kubwa hubana koo na njia ya hewa. Lakini wagonjwa wengi hawana uvimbe wowote wa kuonekana, na shingo laini si hakikisho la afya.

Yaliyoonekana kabla ya dawa

Dunia inajua ugonjwa huu unaishia wapi usipotibiwa, kwa sababu kulikuwa na wakati ambapo haukuwa na tiba. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London alieleza hali ya wanawake watu wazima ambao uso ulivimba, ulimi ukawa mzito, na akili na mwili vikapoteza kasi. Mwaka 1888 kamati ya madaktari wa mji huo ilichapisha ripoti juu ya wagonjwa zaidi ya 100 wa aina hiyo na kuihusisha hali yao na kuharibika kwa thairoidi. Wakati huo wagonjwa walizidi kudhoofika mwaka baada ya mwaka, na hapakuwa na la kufanya ila kuwatazama.

Mwaka 1891 daktari kijana, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alichukua tezi za kondoo, akakamua maji yake na kumdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa katika hali mbaya. Uvimbe ulipungua na mwanamke huyo akachangamka. Aliendelea na matibabu hayo na akaishi hadi mwaka 1919, miaka 28 zaidi. Tangu hapo imejulikana kwamba mwili uliokosa homoni hii ukirudishiwa, mengi yaliyopotea hurudi. Leo hakuna haja ya kondoo. Homoni hiyo hutengenezwa kiwandani kama kidonge kidogo.

Hatari ya mwisho

Mtu aliyekaa miaka bila matibabu anaweza kufikia hali ya dharura ambayo madaktari huiita koma ya miksidema. Mara nyingi huchochewa na baridi kali, nimonia au maambukizi mengine, au dawa za usingizi. Joto la mwili hushuka, pumzi na mapigo ya moyo hupungua, mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia na hatimaye hazinduki. Hata hospitalini, wengi wanaofikia hatua hii hupoteza maisha. Kwa eneo lenye baridi kama Longonot, mzee anayeonekana kusinzia kupita kiasi msimu wa Julai, mwili wake ukiwa baridi na maneno yake hayaeleweki, asiongezewe blanketi na kuachwa alale. Apelekwe hospitali mara moja.

Mama mjamzito na mtoto mchanga

Katika wiki 12 za kwanza za mimba, mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ujengeke. Mama aliyepungukiwa na homoni hiyo na asiyetibiwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya mimba kuharibika, presha ya ujauzito, na kujifungua kabla ya wakati au mtoto mwenye uzito mdogo. Uwezo wa mtoto wa kujifunza pia unaweza kuathirika. Mwanamke anayetumia dawa ya thairoidi hapaswi kuiacha anapopata mimba. Anatakiwa kufika kliniki mapema zaidi, kwa sababu mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.

Takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 duniani huzaliwa na thairoidi isiyofanya kazi ipasavyo. Siku za mwanzo anaweza kuonekana mzima kabisa. Baadaye manjano ya macho na ngozi hukawia kuisha, analala mno, ananyonya kwa uvivu, analia kwa sauti ya kukwaruza, choo chake ni cha shida, ulimi ni mkubwa, kitovu kimetokeza na viungo vimelegea. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, anaweza kukua na kusoma kama wenzake. Akichelewa kwa miezi, ubongo hupata hasara isiyorudi, hata akipewa dawa baadaye. Kupima kila mtoto mchanga bado si jambo la kawaida katika kila hospitali, kwa hiyo jicho la mama na la mhudumu wa afya ndilo kipimo cha kwanza. Dalili hizi zisisubiri tarehe ya chanjo.

Chumvi inasaidia nini, haisaidii nini

Tangu mwaka 1978, sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani iongezwe iodini. Hatua hiyo imesaidia sana kupunguza rovu zilizokuwa za kawaida katika maeneo ya nyanda za juu.

Umuhimu wake unaonekana kwa jirani. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho kwenye Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu nyingi na watoto waliozaliwa na ulemavu wa akili kwa sababu ya udongo usio na iodini. Waligundua pia kuwa muhogo usioandaliwa vizuri ulizidisha tatizo, kwa sababu sumu iliyomo huizuia tezi kutumia hata iodini kidogo iliyopo.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito 250. Kwa maisha yote, jumla yake haijazi kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza chumvi kwenye chakula, kwa sababu nyingi huleta presha. Kinachotakiwa ni chumvi kidogo iliyo sahihi: iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina iodini, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Magadi ya kulainisha githeri si chumvi yenye iodini. Chumvi ya mifugo nayo ni ya mifugo. Maji ya Bonde la Ufa yenye floraidi nyingi, ambayo huacha meno ya hudhurungi, hayajazi pengo la iodini. Kabichi na sukuma wiki hazina lawama kwa mlaji anayepata iodini ya kutosha, hasa zikipikwa.

Jambo moja lazima lieleweke vizuri. Chumvi yenye iodini huzuia upungufu unaotokana na ukosefu wa madini hayo. Haitibu ugonjwa wa Hashimoto wala haimrudishii homoni aliyeondolewa tezi. Kumeza iodini nyingi bila ushauri wa daktari kunaweza hata kuizidishia tezi madhara.

Kipimo na dawa

Uchunguzi huanza kwa sampuli ya damu. TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, tezi imepungukiwa na nguvu. TSH ikiwa juu kidogo na T4 bado sawa, daktari anaweza kurudia kipimo baada ya muda kabla ya kuamua.

Dawa ni levothairoksini, homoni ile ile ambayo tezi ingetengeneza, na imo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu. Hunywewa mara moja kila siku, na kwa wengi ni ya maisha. Hapa ndipo wagonjwa wengi hukosea bila kujua:

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Chai ya maziwa na kahawa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Vidonge vya kuongeza damu, vya kalshiamu na dawa za asidi ya tumbo vikae mbali na dawa hii kwa angalau saa 4. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki akumbuke hili.

Nafuu haiji kesho yake. Huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 ili dozi irekebishwe. Dozi ikishakuwa sawa, kipimo hurudiwa kila miezi 6 hadi 12.

Kujisikia vizuri ni ishara kwamba dawa inafanya kazi, si ruhusa ya kuiacha. Asiyefuata hilo hurudi pale pale polepole, kama mara ya kwanza.

Dawa hii isigawanywe kwa jirani wala kutumiwa kupunguza mwili. Ikizidi, moyo hupiga ovyo na mifupa hudhoofika. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa dozi ndogo.

Mitishamba na maombi ni uamuzi wa mtu binafsi, lakini hakuna mmea unaojulikana kuchukua nafasi ya homoni iliyokosekana.

Mkazi afanye nini

Anayehisi uchovu, baridi isiyo ya kawaida, choo kigumu, ngozi kavu, sauti iliyobadilika au usahaulifu kwa wiki kadhaa, hasa dalili mbili au tatu zikiwa pamoja, aende kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na azitaje zote kwa pamoja. Akitaja uchovu pekee, anaweza kurudi nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu. Ni vizuri pia aseme kama kuna ndugu mwenye ugonjwa wa thairoidi, kama amejifungua karibuni, au kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa shingo. Kituo kisipokuwa na kipimo cha TSH, mgonjwa aombe rufaa. Kwa wakazi wa Longonot, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni ile ya Naivasha. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kuelekeza. Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) anaweza kufanya hivyo kwa kupiga *147#.

Mama muuza viazi wa mfano huu, akipimwa na kuanza dawa, hataamka kesho akiwa msichana. Lakini baada ya miezi michache, choo kitakuwa kimelainika, hesabu za chenji zitakuwa zimerudi, na moyo wake utakuwa umeanza kupumua kutoka kwenye mzigo uliokuwa ukiulemea kimyakimya. Majirani watamwona amepungua kidogo na huenda wakamuuliza kama anaumwa. Siku hiyo, saa sita mchana, sweta itakuwa imekunjwa juu ya gunia la viazi.